Staji mu labo ya kemia: uanze na nini

Mudogo yangu, umeuliza kama utaweza staji (kazi ya kujifunza) mu labo hapa Lubumbashi ju ku iniversite mulifanya pratike kidogo tu. Utaweza, usiogope. Huku ni shaba na kobalti, basi stajere mara mingi anapimisha shaba: mawe inasagwa mupaka inakuwa unga, unapima unga ku balansi, unayeyusha na asidi, kisha unafanya titrasio na tiosulfati, ni kusema unatia hiyo dawa tone kwa tone mupaka rangi inapotea, na kiasi chenye ulitia njo inaonyesha shaba ni ngapi. Hapo njo watu wengi wanaharibu. Ukiisha kutia iodidi ya potasiamu maji inageuka ya kahawia ju ya iodini yenye inatoka, unaacha tiosulfati ishuke pole pole mupaka inabakia manjano ya kufifia, na ni hapo tu unatia wanga, maji inakuwa buluu; ukitia mapema inashikana na iodini na mwisho hauioni vizuri. Buluu ikipotea inabaki nyeupe kama maziwa, unasoma bireti (ile tiyo ya kioo yenye mistari, yenye inashusha tiosulfati) hapo hapo, jicho sawa na mustari.

Chuma yenye iko mu mawe nayo angalia sana, inaongeza hesabu ya shaba, njo maana wanaweka floridi, chumvi yenye inafunga ile chuma, lakini floridi ikikutana na asidi inatoa sumu mubaya kabisa, inaingia ku ngozi mupaka ku mufupa, kwa hiyo glavu na oti (kabati yenye inavuta hewa mubaya), hata kama wenzako wanafanya bila. Na ukichanganya, ni asidi unatia ndani ya maji, hapana maji ndani ya asidi.

Namba andika mu kaye na bik palepale, usiweke ku karatasi ya pembeni. Tekniseni wa zamani muulize kila kitu, hawa wanajua kupita vitabu.