Kazi kumi za mteja wa siri kwa siku moja, inawezekana?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi ni mteja wa siri, ile kazi ya kutumwa dukani au benki ujifanye mteja wa kawaida alafu ukitoka unaandika ripoti walivyokuhudumia. Nina mwaka mmoja sasa. Nakaa mbali na mjini kwa hiyo nikiingia mjini nataka nichukue nyingi kwa mpigo ili mafuta ya gari yasinimalizie hela. Wiki iliyopita nilichukua 7, kutembelea nikatembelea zote vizuri tu ila ripoti ndo zilinimaliza, nimekaa kwenye kompyuta mpaka saa 9 usiku na bado moja ikakataliwa, wamesema muda nilioandika haufanani na wa kwenye risiti. Nasikia kuna watu wanapiga 10 mpaka 15 kwa siku. Wanafanyaje? Nianze na zipi? Na nirekodi sauti nikiwa ndani ili nisisahau?
Msomaji aliyechoka na ripoti

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na pole kwa huo usiku, naujua vizuri sana maana nimeufanya mwenyewe zaidi ya mara moja.

Hao wa 15 wapo kweli. Ila ukimkuta mmoja muulize ni kazi za aina gani, maana mara nyingi utakuta ni zile za vituo vya mafuta au za kukagua rafu, unaingia unapiga picha tatu nne, unajibu ndiyo au hapana maswali ishirini, dakika kumi umetoka na ripoti umeimalizia hapo hapo kwenye simu. Hizo hata 15 zinakwenda. Sasa mtu akizilinganisha na kazi ya benki ambayo unakaa na afisa nusu saa anakueleza akaunti alafu unatakiwa uandike mazungumzo yote kwa mpangilio, nani kaanza kusema nini, kakuangalia usoni au hakukuangalia, hapo anakupoteza. Kwa hizo ndefu mi sichukui zaidi ya mbili kwa siku, nikizidisha sana tatu, na sioni aibu kusema hivyo.

Tufanye hesabu. Chukua kazi 8 za kawaida, kila moja dakika 20 ndani, hiyo ni saa 2 na dakika 40. Safari za kati pamoja na kwenda na kurudi ziko 9, tuseme dakika 20 kila moja, saa 3. Ripoti dakika 40 kila moja, saa 5 na dakika 20. Jumla saa 11 kamili, na hapo hujala, hujatafuta pa kuegesha gari, hujapanga foleni kwa muuzaji mmoja aliye peke yake kaunta. Angalia kitu kinachokula siku yako, sio ziara, ni ripoti, inachukua muda mara mbili ya ziara yenyewe. Watu wengi wanapanga siku kwa kuhesabu maduka wanayoweza kufika, na we ndo ulivofanya. Panga kwa kuhesabu ripoti unazoweza kuandika kwa ukweli kabla ya dedlaini, na kampuni nyingi zinazotoa kazi hizi zinataka ripoti ndani ya masaa 12 mpaka 24, alafu ndo urudi nyuma uulize maduka mangapi. Ukijua usiku una nguvu ya kuandika kwa masaa 3 tu basi na kazi zako ndo hizo zinazoenea ndani ya masaa 3.

Kuhusu uanze na zipi. Kwanza tenga zile zenye muda wa lazima, mfano kazi ya mgahawa inayotaka uingie kati ya saa 5 na nusu na saa 7 na nusu mchana, au ofisi inayofunga mapema. Hizo ni misumari, unazipigilia kwanza kwenye ratiba na nyingine zote zinazungushwa pembeni yake. Zisizo na muda maalum ndo za kujazia mapengo. Alafu fungua ramani, weka vituo vyote, mi huwa naanza na cha mbali kabisa asubuhi nikiwa na nguvu nakuja narudi kuelekea nyumbani, ili jioni nikichoka niwe karibu na kwangu na sio kinyume chake, maana kuendesha gari saa 3 usiku kichwa kimejaa majina ya watu ni hatari, na hili nalisema kwa uzito. Kazi za kula usizidishe moja kwa siku, mbili kama zina masaa mbalimbali, kwa sababu ripoti ya chakula inataka useme kilikuwa cha moto au kimepoa, kina chumvi au hakina, na mtu aliyeshiba hawezi kumtendea haki mpishi.

Na usiweke matawi matatu ya kampuni moja mfululizo na stori ile ile! Wafanyakazi wa matawi wanajuana, wana magrupu yao ya simu, tawi la kwanza wakikushtukia tu la tatu wanakusubiri mlangoni wanatabasamu. Ukibainika kazi inaweza kufutwa na hulipwi. Angalia pia masharti ya kurudia, kampuni nyingi haziruhusu urudi duka lile lile mpaka ipite miezi kadhaa, kwa hiyo kabla ya kukubali ruti nzima hakikisha hakuna ulilolifanya juzi.

Sasa tuje kwenye kusahau maana ndo mzizi wa barua yako. Mwaka 1885 mtafiti wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaona ndani ya saa moja zaidi ya nusu ya alichojifunza kimeshapotea. Ziara ya duka sio silabi, ina maana na ina sura za watu, inakaa kidogo, ila ukiweka ziara ya pili inayofanana juu yake, na ya tatu, na ya nne, zinaanza kuingiliana. Mi lilinikuta. Siku moja nilifanya maduka 9, mawili yalikuwa ya aina moja, sare zile zile, kaunta zile zile, na usiku nikiandika nikampa mfanyakazi wa duka la pili makosa ya yule wa duka la kwanza. Mmoja alinijibu vibaya na mwenzake alinihudumia vizuri sana, na mimi nikawabadilisha. Niligundua siku ya pili yake nikiwa napanga risiti. Nikapiga simu ofisini nikasema ripoti zote mbili zina kosa nirudishieni, malipo ya moja yakaenda na maji, sikujali. Nilichojali ni yule binti ambaye angeitwa na meneja wake kuulizwa kwa nini kamjibu mteja hivyo wakati yeye hakufanya kitu. Tangu hapo 9 sijafanya tena, na hata nikiwa na haja ya hela sifanyi.

Kwa hiyo dawa ni hii, na hii usiiruke hata ukiwa umechelewa: ukitoka dukani usiwashe gari. Sogea mbali kidogo wasikuone, kaa dakika kumi, fungua simu jirekodi sauti wewe mwenyewe unaeleza yote toka mlangoni mpaka kutoka. Duka lipi, umeingia saa ngapi, umehudumiwa saa ngapi, umetoka saa ngapi, jina la mtu, urefu, nywele, miwani, kasema nini kwa maneno yake. Alafu bahasha ya ile kazi, risiti ndani, namba ya kazi juu. Kazi moja bahasha moja. Kama fomu iko kwenye simu jaza maswali ya ndiyo na hapana hapo hapo, usiku ubaki na maelezo marefu tu. Na ukiwa bado ndani ukitaka kushika muda, piga picha ya kitu chochote cha kawaida au jitumie meseji, simu yenyewe inaweka saa, hakuna atakayekushangaa maana kila mtu ana simu mkononi. Ukikuta jina la mtu gumu nenda msalani uandike.

Ile ripoti yako iliyokataliwa nahisi najua kilichotokea, niambie kama nimekosea. Sisi tunasema saa 7 mchana, risiti inasema 13:07 na fomu ya kwenye mtandao nayo inataka 13:07. Ukiwa umeandika kwenye daftari lako "saa 7" na ni usiku wa manane umechoka, mkono unaandika 07:00 bila kufikiri. Nimewaona wengi sana wanakosa hapo. Kwenye siku ya kazi nyingi andika muda kama simu inavyoonyesha, tarakimu kwa tarakimu, hata kama ulimi umezoea vingine, na kabla ya kutuma weka risiti pembeni ya skrini uangalie mara ya mwisho.

Kurekodi watu sauti kwa siri, hapana, labda maelekezo ya kazi yenyewe yamekuambia urekodi na kampuni imekuhakikishia kisheria pako sawa. Sheria za kurekodi mazungumzo zinatofautiana nchi na nchi, kuna zinazotaka pande zote zikubali, na ukishtakiwa utakuwa peke yako mdogo wangu. Kujirekodi we mwenyewe garini inatosha.

Kitu kimoja hukuuliza ila lazima nikwambie, hela. Pesa unayorudishiwa kwa ulichonunua sio mshahara, ni yako ilikuwa mfukoni inarudi. Ukifanya kazi 8 kwa siku umetanguliza manunuzi ya sehemu 8, na malipo mengi yanakuja baada ya mwezi au hata miezi miwili, na ripoti ikikataliwa unakosa vyote, ada na kurudishiwa. Kwa hiyo piga hesabu hivi, jumla ya ada bila marudisho, toa mafuta na maegesho, gawanya kwa masaa yote ukiweka na ya ripoti. Utashangaa, kuna siku kazi 5 zilizo mtaa mmoja zinakulipa kwa saa vizuri kuliko 10 zilizotawanyika. Na mwisho wa mwezi waratibu, wale wanaogawa kazi, wakibaki na kazi zisizo na mtu huwa wanaongeza bonasi, hapo unaweza kumpigia mratibu ukamwambia nitapita njia hii, nipe hizi tatu kwa pamoja uniongezee, wengi wanakubali kwa sababu na wao wana dedlaini. Ila ukiona siku imekuharibikia, gari limegoma au foleni imekula muda, mjulishe mapema ampe mwingine. Kukaa kimya ndo kunakufungia akaunti.

Najua kuna atakayesema dada we unakuza mambo, ni tiki tu kwenye fomu. Mwaka 2013 mamlaka ya huduma za fedha Uingereza ilitoa matokeo ya ziara 231 za wateja wa siri kwenye taasisi kubwa 6 za kibenki, na karibu robo ya ziara zilionyesha wateja hawakupewa ushauri mzuri wa uwekezaji. Zile ziara ziliandikwa na watu kama wewe, wamekaa na mshauri, wametoka, wameandika. Sasa fikiria robo ya hao wangekuwa wamechanganya benki moja na nyingine kwa uchovu.

Wiki ijayo jaribu 5, mtaa mmoja, moja tu iwe ndefu. Ukimaliza kabla ya saa 4 usiku na zote zikapita, wiki inayofuata weka ya 6. Uniandikie.

SWALI: Dada, kuna watu wamenitumia meseji wanasema nikilipa ada ya usajili watanipa kazi 20 za mteja wa siri kila siku, na wengine wamesema watanitumia hundi niiweke benki, nitoe sehemu yangu, pesa inayobaki niitume kwa mtu mwingine, eti najaribu huduma ya kutuma pesa. Nikubali?
Kijana anayetafuta

JIBU: Usikubali hata moja mdogo wangu, tafadhali. Kampuni halali hailipishi mtu ili impe kazi, kujiandikisha ni bure. Na hiyo ya hundi ni utapeli wa zamani sana: hundi ni feki, benki inaweza kukuonyesha pesa imeingia wakati bado haijathibitisha, we unatuma zako za kweli, baada ya siku kadhaa au wiki hundi inarudi na benki inakudai wewe yote. Kama umeshatuma hizo pesa pigia benki yako leo hii, na huyo tapeli usimjibu tena.

SWALI: Naweza kwenda na mtoto wangu kwenye ziara? Sina wa kumwachia.
Mama mmoja

JIBU: Soma maelekezo ya kila kazi mama, kuna zinazokataza na kuna ambazo hata zinapenda uwe na familia, hasa za migahawa. Zisiposema chochote muulize mratibu kwa maandishi kabla hujaenda. Ila kwenye siku ya kazi nyingi usimbebe, kituo cha tatu atakuwa analia, na hutakumbuka hata jina la muuzaji.