Muulize Mjomba Rangi: kanga ya tangazo, visoda vya drafti na kibao cha kinyozi

Shikamoo mjomba. Mi ni mama lishe huku Temeke, mgahawa wangu unatimiza miaka 10 na nataka kuchapisha kanga niwagawie wateja. Kijana wa stesheneri kanichorea, kaweka picha yangu katikati, namba za simu tatu, menyu yote na neno TUNAPOKEA ODA. Mume wangu anasema pamejaa kama gazeti. Nani yuko sahihi? – Mama Pilau

Marahaba mama, na hongera, miaka 10 ya moto na moshi si mchezo. Ila hapa baba watoto kakushinda, usinichukie.

Kabla hujatoa hela fanya hivi, chukua kanga yoyote ya ndani, jifunge kiunoni, simama mbele ya kioo afu geuka. Umeona? Mji, lile pambo la katikati, umeangukia makalio na jina, yaani yale maneno ya kanga, liko chini yake kidogo. Sasa hapo ndo unataka kuweka sura yako mama, yaani mtu anapanda daladala Mbagala anakukalia usoni mpaka Posta. Na hizo namba tatu, nani atainama kuzinakili nyuma ya mke wa mtu?

Waliotutangulia walijua kila kitu kinaangukia wapi mwilini, pindo inazunguka pande zote nne, mji kati, jina juu ya pindo ya chini, basi. Angalia kisutu, nyekundu nyeusi nyeupe, hakuna sura ya mtu na maharusi wanaivaa vizazi na vizazi. Na tangazo lililofanikiwa kuliko yote kwenye kanga, kwa maoni yangu, ni dogo kama chungu: Mali ya Abdulla, alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa. Herufi ndogoo, unaweza usizione, lakini mama yangu akiingia dukani alikuwa anazitafuta hizo kwanza, akizikuta ndo anaanza kupatana bei.

Najua utaniambia mbona Obama aliwekwa. Kweli, 2008 aliposhinda urais kuna kanga ilitoka na sura yake, imeandikwa Hongera Barack Obama na chini Upendo na amani ametujalia Mungu, na watu waliivaa kwa raha zao maana ilikuwa sherehe. Mama nakupenda ila hatujafika huko.

Kwangu kuna kanga ya bure ya kampuni fulani, namba ya simu kubwa kama ya basi, shemeji yako aliigeuza dekio mwezi wa pili tu. Namba bado inasomeka kila Jumamosi akipiga deki.

Sasa yako nakushauri hivi. Pindo yote izungushe punje za pilau, ndogo ndogo, umwagike mchele kitambaa kizima, kwa mbali zitaonekana kama madoa ya yule ndege kanga mwenyewe, mtu akisogea ndo anacheka kumbe wali. Mji weka sinia moja, tupu, usijaze. Jina liwe neno ambalo mtu angelinunua hata kama hakujui, mfano MEZA YANGU HAICHAGUI MGENI, herufi kubwa zisizo na madoido, na jina la mgahawa kwa udogo chini yake. Simu achana nayo, anayekula kwako anajua kwako. Rangi mbili na nyeupe zinatosha, na omba kipande cha sampuli ukiloweke usiku kucha pamoja na kitambaa cheupe, kikichuja warudishie. Halafu usigawe kipande kimoja kimoja, gawa doti kamili hata kama ni kwa watu wachache, kipande kimoja mtu ataona umembania.

Mjomba niaje. Niko Mwanza, natengeneza vitu vya mbao. Nimewatengenezea wazee wa kijiwe chetu kete za drafti za mninga, zimepakwa vanishi kali, wamecheza siku mbili wakarudi kwenye visoda vyao. Nimekosea wapi? – Fundi Mbao

Poa fundi. Hujakosea ufundi, umeingia ulingoni na bingwa.

Chukua kisoda kimoja ukitazame vizuri. Kizibo hiki alikipatia hataza, ile haki ya mvumbuzi, Mmarekani William Painter wa Baltimore mwaka 1892, kikiwa na meno 24, siku hizi yako 21. Hakuna aliyefikiria drafti. Lakini wazee wakaona wenyewe, 12 wamelala kifudifudi, 12 wamelala chali, tayari timu mbili bila hata tone la rangi. Mtu akifika mwisho anapata kingi, unabebesha kisoda juu ya kisoda, kimekaa. Kikipotea unaenda dukani kwa mangi unaokota kingine chini, bure. Na ule mlio! Mzee akila kete tatu kwa mpigo lazima ubao ulie taa taa taa mpaka wa meza ya kahawa wageuke. Kete zako za vanishi zinateleza kimya kimya kama zimeiba.

Kwa hiyo waachie visoda, watengenezee ubao. Pale kijiweni bila shaka wanacheza kwenye plaiwudi iliyopauka, upepo ukija visoda vinahama na ugomvi unaanza. Chimba kila nyumba kidogo tu, milimita mbili hivi, kisoda kikae humo, mbao iwe ngumu na chini iwe na uwazi ili mlio uongezeke. Weka na droo ya visoda pembeni. Ukimaliza usiwape, usahau tu pale kijiweni.

Mjomba, fundi kaniandikia kibao KINYOZI WA KISASA, herufi za mwisho zimebanana hadi A haionekani, sasa watu wananiita kinyozi wa Kisas. Nimfanyeje? – Kinyozi

Muulize kama alipima kwa chaki na uzi kabla ya kushika brashi. Kama hakupima, arudie kwa rangi yake. Ila subiri kidogo, wateja wameongezeka au wamepungua tangu uitwe Kisas? Kama wameongezeka, mlipe ile hela iliyobaki.