Muulize Mzee Besi: "Muziki wako hauhesabiki"

SWALI: Shikamoo Mzee Besi. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya roki ya watu wanne. Kikundi cha dansi ya kisasa kimeniomba nitunge muziki wa onyesho lao la dakika 40. Nimewapelekea nyimbo tatu, mwalimu wao kazirudisha zote. Anasema "hazihesabiki". Nifanyeje?
– Kidole Kigumu, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza acha kumpelekea nyimbo. Wimbo una beti, una kiitikio, na kule mwisho una ile fujo yenu ya kupiga solo hadi mshipa wa shingo usimame. Wachezaji huhesabu midundo nane nane. Ukinogewa ukaongeza nane moja, kuna binti yuko juu mabegani mwa mwenzake anangoja mdundo wa kushukia.

Mimi yalinikuta. Nilirudia utangulizi mara mbili zaidi kwa sababu waya wa besi ulikuwa unakwaruza. Wachezaji wakamaliza, wakaganda, sisi bado tunapiga. Nilivyotazamwa siku ile, sisemi.

Usione haya lakini. Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, walipopigia baleti ya mtunzi wa dansi Roland Petit, kule Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, walikuwa jukwaani pamoja na wachezaji, nao wamezoea kurefusha muziki wapendavyo. Ilibidi mtu akae na karatasi za kuwaonyesha wamefika hesabu ya ngapi. Hao ndio Pink Floyd!

Sasa muulize mwalimu swali moja kabla hujagusa gitaa: anataka muziki ufuate hatua, au kila kimoja kishike njia yake? Maana ipo njia ya pili. Merce Cunningham, mtunzi wa dansi Mmarekani, alivitenga kabisa muziki na hatua. Mwaka 2003 kule Brooklyn, New York, alionyesha dansi iitwayo Split Sides, muziki wa Radiohead wa Uingereza na Sigur Rós wa Iceland, kila bendi dakika 20. Wachezaji walifanya mazoezi bila kuusikia muziki huo. Nani aanze? Ikarushwa dadu hadharani. Zilirushwa pia za dansi, mavazi, mapazia na taa, kila kitu kikiwa na sehemu mbili, hivyo ukijumlisha na muziki, mipangilio iliyowezekana ilikuwa 32. Sigur Rós nao, kwa utundu wao, waligeuza viatu vya baleti kuwa ngoma. Mimi hilo la viatu ndilo lililonimaliza.

Ila huyo wako anayelalamikia hesabu si Cunningham. Basi nenda mazoezini kwao bila gitaa, siku mbili tatu, na daftari. Sikiliza mwalimu anavyohesabu kwa mdomo. Wengi huhesabu na pumzi humo humo. Andika: nane ngapi wamelala chini, nane ngapi wanakimbia, wapi wananyamaza. Hapo pa kunyamaza usipajaze. Najua mkono utakuwasha.

Kisha rekodi toleo moja, uwape, na usilibadilishe hata kama usiku umepata kipande kitamu kuliko vyote. Miguu yao imeshalikariri.

Kuhusu mpiga dramu wako: hukumtaja, lakini namjua, wote wako hivyo. Anaanza taratibu, akifika katikati anakimbia kama kafukuzwa na mbwa. Mvalishe masikioni metronomu, kile kifaa kinachogonga mdundo usiobadilika. Akikataa, mwachie mwalimu wa dansi dakika kumi naye.