Kapeti Lililogoma Tekani

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Ukinunua zulia la nyumbani hutazama nini kwanza: nyuzi, mtindo au bei?", lingenipita kama yalivyonipita mengine mengi, lau si sentensi mliyoitanguliza, kwamba nyumba isiyo na zulia ni nyumba ambayo haijakamilika. Mimi nimezaliwa Mkomani, hapa Lamu, katika nyumba ya mawe ambayo vizazi kadhaa vimekaa juu ya mikeka yake bila kuona upungufu wowote, na mara ile moja tulipoilazimisha kuvaa kapeti, ililivua yenyewe. Kwa hiyo naomba niruhusiwe kujibu swali lililo jirani na lenu. Sitasema ni zulia gani linalomfaa mwenye nyumba. Nitasema ni zulia gani ambalo sakafu yake italikubali, kwa sababu sakafu ndiyo isiyoulizwa.

Wasomaji wa pwani wanazijua nyumba zetu, lakini kwa faida ya wengine nitasema mawili. Kwanza, chumba chetu cha kale hupimwa na boriti. Boriti ya mkoko haibebi dari la mawe na chokaa ikiwa urefu wake umezidi kama mita tatu, na ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, kama mtu aliyejinyoosha kulala. Pili, kuta na sakafu zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, vitu ambavyo hunywa maji na kuyatoa, hunywa na kuyatoa, mwaka mzima, pamoja na chumvi iliyomo ndani yake. Sakafu ya chini, iliyolala juu ya udongo, haikauki kabisa hata kaskazi inapovuma. Si bure wazee waliishi juu, chini wakaweka mizigo.

Mwaka 2011 mama alikuwa ameanza kuumwa na magoti. Kila alipoinuka kwenye mkeka baada ya sala, mifupa yake ilisikika kabla ya ulimi wake, na ngazi za nyumba yetu, ambazo kila daraja ni jabali, zilikuwa zimemshinda, hata akahamia msana, yaani ukumbi mrefu, wa chini. Mimi, kwa mapenzi na kwa kutojua, nikaona dawa ni kapeti la kufunika chumba kizima, ukuta hadi ukuta. Nikaingia duka moja la Mombasa ambalo sitalitaja, muuzaji akanipapasia kapeti la rangi ya damu ya mzee, akaniapia kuwa ni sufu tupu, nami nikapapasa pia, kana kwamba vidole vyangu viliwahi kusomea sufu. Kapeti za kukatwa kwa mita huja kwa upana wa mita 4. Msana wetu una upana wa mita 2.7 na urefu wa mita 6. Nililipia mita za mraba 24 kwa sakafu iliyohitaji 16 na kidogo, na sikulipiga hesabu jambo hilo mpaka basi lilipokwisha kuvuka Malindi.

Wakati huo barabara ya kutoka Garsen hadi Mokowe, ambako huvukwa kwa mashua kuja Lamu, ilikuwa bado haijatiwa lami. Robota lilifika gatini likiwa limekula vumbi upande mmoja, na baharini likarushiwa maji upande wa pili, kwa kuwa kusi ilikuwa imeanza na nahodha hakuwa na turubai. Tukalipokea Lamu watu wanne, tukavuka nalo Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kwa mikogo kidogo, sikatai, maana watu waligeuka kutazama. Mikogo ilituishia mlangoni. Daka letu la nje ya mlango lina mabaraza mawili yanayotazamana. Ukivuka mlango unaingia tekani, kile chumba kidogo cha kupokelea wanaoingia, na kutoka tekani ni lazima ukate kona ndipo uingie uani, kwa sababu waliojenga hawakutaka mpita njia aone ndani. Kapeti lenye upana wa mita 4, likiviringishwa, ni gogo la mita 4. Gogo la mita 4 halikati kona ya tekani. Tulilisimamisha, likagonga boriti. Tukaliinamisha, likaziba mlango na mmoja wetu akabaki ndani akipiga kelele atolewe. Tukajaribu kulikunja katikati, mgongo wake ukalia kama kuni kavu.

Kufikia hapo barazani palikuwa pamejaa, na kila aliyekaa alikuwa na rai yake. Mzee mmoja alitaka lipandishwe kwa kamba lishushwe kupitia uani. Mwingine alisema nyumba imelikataa, turudi nalo. Nyuma yetu punda watatu waliobeba mchanga wa ujenzi walikuwa wamesimama, kichochoro kikiwa hakina nafasi ya kuwapisha, na kijana aliyewaongoza akatuuliza kwa adabu kubwa kama tumehamia njiani. Fundi wa kulitandika ndiye aliyeamua. Alilitandua papo hapo juu ya njia, watu wakivua viatu kulikanyaga kama wamo msikitini, akapima mita 2.7, akalikata kwa kisu cha kukatia ngozi kutoka mwanzo hadi mwisho, huku adhana ya alasiri ikilia. Kipande kikubwa kikaviringishwa upya, kikakata kona bila ya neno. Utepe uliobaki, mita 1.3 kwa 6, ulitupwa juu barazani.

Ni wakati wa kukata huko ndipo nyuzi zilipoanguka, na fundi akaokota mmoja akauwasha kwa kibiriti. Sufu ikiungua hunuka nywele zilizoungua, na huacha jivu unalolisaga kwa kidole likawa vumbi. Huu wetu uliyeyuka, ukadondoka, ukaganda kuwa ushanga mweusi mgumu. "Plastiki hii, ndugu yangu," akasema, bila kejeli, na jambo hilo liliniuma zaidi kuliko kama angenicheka. Ilikuwa polipropilini, na mgongo wa juti uliopakwa gundi ya mpira. Nawasihi wasomaji waombe uzi mmoja na njiti ya kibiriti kabla ya kutoa pesa. Muuzaji atakayekataa amekwisha kujibu.

Basi, kapeti likagandishwa. Fundi alipaka gundi sakafu nzima, nami nikimsaidia kulisukuma hadi kwenye kingo, mama amekaa mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Alitutazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwaligandisha kwani litakimbia?" Tukacheka. Kwa miezi kumi na moja mama aliswali juu ya kitu laini na mimi nikajiona mwana mwema.

Masika ya mwaka uliofuata ndiyo yaliyotuonyesha tulichofanya. Kwanza ilikuja harufu, ile ya kamba mbichi iliyofungiwa sandukuni, nasi tukatafuta panya aliyekufa kwa siku tatu. Halafu kando ya ukuta kukatokea mstari mweusi, na juu ya mstari huo unga mweupe, ambao mtoto alionja akasema ni chumvi. Maji yalikuwa yakipanda kutoka udongoni kama kawaida yake ya miaka yote, ila sasa hayakuwa na pa kutokea. Yalifika kwenye mpira, yakasimama, yakaloweka juti, na juti ni nyuzi za mmea, zikilowa na kukaa gizani huoza. Mama, ambaye hakusomea ujenzi, aliyasema hayo kwa maneno machache: "Mai hayatoki yuu tu, na tini hutoka," yaani maji hayatoki juu tu, hata chini hutoka. Tulipolibandua, lilitoka na sakafu. Vipande vya chokaa vyenye ukubwa wa sahani vilikuwa vimeshikamana na mgongo wa kapeti, chokaa iliyopondwa na watu ambao makaburi yao hatuyajui, na ilibidi fundi mwingine, wa chokaa, aje kuziba kwa wiki mbili. Kapeti lenyewe lilivutwa nje vipande vipande. Tekani halikuligomea safari hiyo.

Mpaka hapa, Mhariri, nilikuwa nimekusudia kufunga kwa kusema kwamba mtu wa Lamu asinunue kapeti, anunue mkeka wa miyaa, yale majani makavu ya kusukia, basi. Lakini nimesita, kwa sababu nimetazama chini na kuona ninapokanyaga. Ule utepe uliotupwa barazani ulipandishwa juu siku ileile na dada yangu, akaukata mara mbili, vipande vya mita tatu tatu, akavitandika chumba cha juu ambamo ninaandika haya. Vipo hadi leo. Ni nyuzi zilezile, juti ileile, mpira uleule, na hata vumbi la Garsen ni lilelile. Rangi imepauka upande wa dirishani, lakini havijaoza wala kunuka. Tofauti ni kwamba viko juu, ambako upepo hupita, na kwamba kila Ijumaa mtu huviinua, huvikung'uta na kuvitundika kivulini mpaka baada ya sala.

Kwa hiyo nalazimika kurudisha nusu ya maneno yangu. Mkeka haukutushinda kwa kuwa ni miyaa. Mkeka nao huota ukungu usipoanikwa, ukili wake huchanika kwenye mishono kaskazi inapoukausha, na kwa magoti ya mtu mzima ni adhabu. Umedumu sakafuni mwetu kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kuugandisha. Mkeka huinuliwa, na ndiyo siri yake yote.

Nikitoka hapo naweza kusema machache kuhusu nyuzi, maana ndizo mlizouliza. Sufu ya kweli ni nzuri, haiinami ikabaki imeinama, na cheche ikiiangukia haiwaki kwa urahisi. Lakini hunywa unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujausikia mkononi, na viwavi vya nondo huipenda, kwa hiyo kisiwani kwetu inataka mtu wa kuihudumia. Nailoni huinuka vizuri baada ya kukandamizwa na miguu ya kochi kuliko polipropilini, ambayo ikilala imelala. Polipropilini kwa upande wake hainywi maji takriban kabisa, na ukiiosha asubuhi huikunja jioni, ila mafuta ya mchuzi yakiingia hayatoki kirahisi. Juti na mkonge huvutia macho dukani. Mimi sitaviweka chini kwetu hata kwa zawadi. Na popote mgongo ulipo wa mpira, chumba cha chini kisahau.

Kuhusu mtindo nitasema jambo moja ambalo sijaliona katika majarida, nalo ni paka. Mji wetu una paka wengi kuliko milango, na kapeti ambalo nyuzi zake zimeachwa vitanzi bila kukatwa ni mwaliko kwa kucha zao: kitanzi kimoja kikivutwa, mstari mzima hufuata. Chagua lililokatwa nyuzi fupi, au lililofumwa bapa lisilo na manyoya kabisa. Manyoya marefu, yale ya kuzamisha vidole, hukusanya mchanga mashinani, na chembe za mchanga huukata uzi kwa chini kila mtu anapokanyaga. Sisi tunaovua viatu mlangoni tunapunguza, hatumalizi. Rangi na maua ni hiari ya mtu, ingawa chumba chenye vidaka, yaani vishubaka vya mapambo, ukuta mzima kimekwisha kupambwa, na zulia lenye maua makubwa hapo huwa kama mgeni anayesema kwa sauti kuliko mwenyeji. Liwe dogo kuliko chumba, futi 5 kwa 8 kwa misana mingi yatosha, ili chokaa ionekane pande zote na ipumue.

Hukumu yangu basi, nikiulizwa kwa mstari mmoja, ni ileile plastiki niliyodanganywa nayo: polipropilini iliyofumwa bapa, isiyo na mgongo wa mpira, isiyoguswa na gundi, chumba cha juu. Naitoa kwa shingo upande, na inawahusu wenye nyumba za chokaa. Waliojenga kwa simenti huko mtaa wa Langoni au bara wana mambo yao, na aliye Nairobi ambako baridi huingia miguuni ana haki ya kufunika alipotaka. Tena ina kasoro ambayo sijaitatua. Chumba kinacholifaa kapeti kiko juu, na magoti yanayolihitaji yako chini, hayapandi. Leo jioni nitamteremshia mama kipande kimoja cha zile mita tatu, kitandikwe juu ya mkeka wake ili kisiguse sakafu, na kiinuliwe kila siku baada ya alfajiri. Atakayekiinua bado hatujakubaliana. Dada yangu anasema ni mimi.

Msomaji wenu,
Mkomani, Lamu