Mpe aikunje mwenyewe

Umeuliza utamfundishaje mtoto wa miaka 6 kuheshimu bendera ya taifa bila kumfokea kila anapochezacheza ikipandishwa. Mimi ningeanza na mikono yake, maana umri huo hotuba haziingii. Tafuta bendera ya kitambaa muikunje pamoja: wewe shika pembe mbili, yeye mbili, na isiguse chini. Utamwona anavyobana midomo asikosee! Mkimaliza ndipo umweleze kila rangi inasimamia nini, kwa maneno anayoyaelewa, si yale ya kukariri.

Halafu subiri maswali. Wangu aliuliza mbona leo bendera imeishia katikati. Nikamwambia hiyo ni nusu mlingoti, kuna msiba, na kwamba hupandishwa kwanza hadi juu kabisa ndipo ishushwe. Tangu siku hiyo yeye ndiye hunivuta shati nisimame wima. Kukaa kimya mpaka wimbo uishe bado ni mtihani kwake, lakini hilo nimeliachia umri.

Na ikichakaa, jamani, msiigeuze tambara la kupigia deki. Atawaona.