.vimrc ya kuazima haisitiri maungo

Vijana wanaoanza kazi ya kuandika programu wakiona ninavyoruka huku na kule ndani ya faili bila kugusa kipanya, ombi lao ni lilelile: "Kaka, nirushie .vimrc yako." Hilo ni faili la mipangilio ya Vim, programu ya kuhariri maandishi. Huwa siirushi, na si uchoyo. Kila mstari uliomo humo umetokana na kero iliyonisumbua mimi, na zako huenda hazifanani nazo hata kidogo.

Anza na Vim tupu. Fanya kazi zako kama kawaida, karatasi ikiwa kando ya kibodi. Jambo likikukera mara moja, lipuuze. Likirudi tena na tena, liandike. Jioni chagua moja tu, litafutie dawa kwa `:help`, yaani maelezo yaliyomo ndani ya Vim yenyewe, ongeza mstari wake, na juu ya mstari huo eleza kwa maneno machache kwa nini umeuweka. Ukiongeza mambo kumi kwa mpigo, vidole havitashika hata moja.

Kwangu mimi kero kubwa ilikuwa utafutaji. Natafuta `mteja`, kwenye faili imeandikwa `Mteja`, Vim inaniambia hakuna. Dawa yake ni mistari miwili:

`set ignorecase`
`set smartcase`

Wa kwanza unaiambia Vim isijali herufi kubwa na ndogo. Wa pili unaongeza kwamba nikiandika herufi kubwa kwa makusudi, basi iitafute hiyohiyo. Ukiweka wa pili bila wa kwanza, haufanyi kitu.

Halafu kuna Esc, kitufe cha kutoka kwenye hali ya kuandika. Bill Joy alipoiandika vi, mtangulizi wa Vim, mwaka 1976 alikuwa anatumia terminali ya ADM-3A, na humo Esc ilikaa mahali ambapo leo tuna Tab. Ilikuwa karibu na kidole. Leo imehamishiwa pembeni kabisa, na wewe unaibonyeza kutwa nzima. Mimi nimeweka `inoremap jk <Esc>`, yaani nikibonyeza j kisha k ninapoandika, inakuwa Esc. Sisi tunaoandika maelezo kwa Kiswahili tuna raha hapa, maana hakuna neno letu lenye j na k zilizofuatana. Ila utaona j inasita kidogo kabla ya kutokea, kwa kuwa Vim inasubiri kuona kama k inafuata. Ipunguzie subira kwa `set timeoutlen=300`. Asiyetaka kubadilisha chochote abonyeze Ctrl pamoja na `[`, ni Esc ileile.

Kwa anayetumia kompyuta ya mezani huku umeme ukikatika bila taarifa, hili usilingoje likukere. Vim huhifadhi kazi yako kwenye faili la pembeni kila baada ya herufi 200, au ukitulia kwa sekunde 4. Kwa hiyo usilizime faili hilo la swap, hata kama kuna anayekushauri hivyo kwa sababu linachafua folda. Umeme ukirudi, andika `vim -r` na jina la faili. Ongeza pia `set undofile`, ili uweze kutengua mabadiliko ya jana hata kama ulishafunga faili. Nimeyakusanya mafaili hayo sehemu moja kwa `set undodir=~/.vim/undo`. Folda hiyo uiunde mwenyewe kwanza, kwa sababu Vim haikuundii, wala hailalamiki. Inakaa kimya tu na hakuna kinachohifadhiwa. Na ujue kwamba nywila uliyoandika kisha ukaifuta inaweza kubaki humo.

Plagini, yaani nyongeza zinazoandikwa na watu wengine, ziache kwanza. Siku utakapoingia kwenye seva ya mteja utakuta Vim tupu, na aliyezoea vitufe vya plagini ishirini atahangaika. Afadhali ujue `ci"` inayofuta maneno yaliyo ndani ya alama za nukuu na kukuacha tayari kuandika, na nukta inayorudia badiliko la mwisho. Hizo mbili zimeniokolea muda kuliko plagini yoyote.

Nimetaja `:help`. Watu wengi wanaikwepa, nami nawashauri waanzie kwenye `:help uganda`. Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kuitunza hadi alipofariki mwaka 2023, aliishi Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, akijitolea kwa mwaka mmoja, 1994. Ndiyo maana ukifungua Vim bila faili unaweza kukuta ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda. Ukurasa wenyewe ni mfupi, na ukitoka hapo utakuwa umeshajua jinsi ya kuingia na kutoka kwenye maelezo.

Mara mojamoja lisome faili lako kuanzia juu. Mstari ambao sababu yake imekwisha, ufute. Na Vim ikianza vituko, ifungue kwa `vim --clean`. Vituko vikitoweka, tatizo limo kwenye .vimrc yako: weka alama ya nukuu (`"`) mwanzoni mwa nusu ya mistari ili Vim isiisome, jaribu tena, endelea hivyo hadi umpate mchawi.