Fundi anataka tuvunje korido, tumsikilize?

SWALI: Fundi shikamoo. Nipo Ngamiani hapahapa Tanga, nyumba katuachia mzee, ni ile ya Kiswahili kabisa, baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, jiko na choo vipo uani. Tupo mimi, mama watoto na watoto wanne. Fundi niliyemwita kasema tuvunje korido yote iwe sebule moja kubwa na jiko la wazi, baraza tulizibe liwe chumba, tuweke madirisha ya alumini ya slaidi na paa la kuficha ndo nyumba itaonekana ya kisasa. Halafu ukuta kwa chini rangi inabanduka kila mwaka, yeye kasema tubandike tailizi yaishe. Hela si nyingi, nianze na lipi? – Baba Mapacha

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo fundi wako sijui kama kashawahi kulala Tanga mwezi wa pili.

Kabla hujavunja chochote, fanya hivi. Mchana saa nane fungua mlango wa mbele na wa uani, washa udi, uuweke chini katikati ya korido, halafu kaa uangalie moshi. Utaona unalala na kukimbilia upande mmoja, kaskazi ikivuma unaenda huku, kusi ikiingia unageuka, na ukifungua mlango wa chumba unaona moshi mwingine unavutwa humo. Hiyo korido ndo feni yako na haili umeme. Ukiziba baraza mbele umeuziba mdomo wake, na hizo slaidi nazo zikifunguka zinafunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo kimekaa kinapika chumba. Kama unapenda alumini weka, ila za kufunguka zote kwa nje, na juu kabisa karibu na silingi acha tofali za matundu joto litoke.

Sebule utaipata. Chukua vyumba viwili vya mbele upande mmoja, toa ukuta uliopo kati yao, halafu upande wa korido fungua upana kama wa milango miwili. Ila kwanza panda darini uone kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimekalia wapi, maana zikiwa zimelala juu ya ukuta huo hapo ni bimu la zege kwanza ndo nyundo ifuate, na kibali cha halmashauri uwe nacho mkononi. Jiko la gesi na makabati yaingie ndani sawa, mkaa na mbuzi ya nazi viache uani, pauliwe vizuri mama asinyeshewe.

Paa la kuficha mimi silipendi huku kwetu, nasema wazi. Maji yote yanakusanywa kwenye mfereji nyuma ya ule ukuta unaoinuliwa juu kulificha paa, sasa Tanga mvua ya mwaka inapita milimita 1,000, siyo Dodoma hapa, majani ya mwarobaini yakishaziba tundu moja tu usiku wa masika maji yanarudi ndani kwenye silingi ya jipsam. Paa lako la mgongo libaki, hela yake itakufaa kwingine.

Na hapo kwingine ndo pa kuanzia, yaani huo ukuta. Kwangua ule unga mweupe uuonje kwa ulimi, ukiwa wa chumvi basi maji yanapanda kutoka chini yamebeba chumvi, au waliopiga plasta walitumia mchanga wa baharini. Tailizi haiponyi, inaficha tu, unyevu utapanda juu yake ukatokee mabegani. Angalia nje kwanza, mara nyingi barabara imejazwa kifusi mpaka ardhi imepita sakafu ya ndani, chimbua uishushe. Bandua plasta mpaka usawa wa kiuno, acha ukuta wazi ukauke hata miezi miwili kiangazi, usiwe na haraka. Kisha upige upya kwa chokaa na mchanga wa mto, na rangi iwe ya maji, ya mafuta inaufungia unyevu ndani.

SWALI: Mimi nipo Sahare karibu na bahari, bati zina miaka minne tu zishashika kutu kuzunguka misumari. Tatizo geji?

JIBU: Geji, yaani namba ya unene wa bati, inachangia, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, kwa hiyo 28 inaishi kuliko 30. Ila wewe kilichokuanza ni msumari, umetoboa bati, hauna mpira, hewa ya chumvi ikapita hapohapo. Safari hii chukua bati zenye mchanganyiko wa alumini na zinki, na skrubu zenye washa ya mpira. Siku ya kufunga uwepo mwenyewe, maana skrubu zikipungua fundi anamalizia na misumari ya kawaida wala hakwambii.